Msuko wa Baba

Mkasi ulikuwa ule wa kukatia sufu, mzito, wa tangu enzi za babu. Msuko wa baba haukukubali kukatika mara moja. Niliukata kidogo kidogo, mpaka ukaniangukia mkononi, nikashangaa ulivyokuwa mwepesi. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, uso kaelekeza mlimani, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha.

"Umekwisha?" akauliza.

"Umekwisha, baba."

"Haya. Fagia basi, kuku wasije wakachakura."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku ile nimewasuka watu wengi, watoto wangu na wa jirani, na bado vidole vyangu vinakumbuka ule wepesi.

Mama alikufa Februari ya mwaka ule, mvua zikiwa kali. Kwetu mwanamume hufuga msuko mmoja mgongoni, nao ndio heshima yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka baba kila Jumamosi alfajiri, kabla hawajabeba shali na poncho, yale mavazi ya sufu ya kuvalia kichwani, kwenda kuuza sokoni Otavalo. Wiki ya tatu baada ya maziko, baba aliingia jikoni na kitana mkononi. Aliketi, akanipa mgongo. Ndivyo nilivyoirithi kazi ile.

Mwanzoni nilidhani ni majivu. Nilipochana juu ya sikio la kushoto vikaanguka vipande vyeupe kwenye poncho yake ya buluu, vikubwa kuliko mba, vikavu, vinang'aa kama magamba ya samaki. Ngozi iliyobaki chini ilikuwa nyekundu, imevimba, na kitana kilipoigusa ikatoa vitone vya damu.

"Hii imeanza lini, baba?"

"Tangu mama yako," akasema.

Ikasambaa. Ilishuka kisogoni, ikazunguka masikio, ikachungulia hadi kwenye paji la uso pale kofia inapokomea. Baba alifuma kutwa, na kati ya milio ya mtambo wa kufumia nikaanza kusikia sauti nyingine, ya kucha zikikwangua. Alijikuna bila kujua. Nywele nazo zikaanza kubaki kwenye kitana. Kwanza nyuzi mbili tatu, kisha vishungi. Juu ya sikio la kushoto pakatokea kipara cha ukubwa wa yai.

Shangazi Delfina, dada yake baba, alikuja akamkagua kama anayekagua kondoo. "Huu ni uchafu wa msiba," akaniambia tulipobaki wawili. "Msugue kwa ndimu na chumvi. Ubandue hayo magamba yote mpaka uione ngozi."

Nikamsugua. Kila Jumamosi, miezi miwili mizima. Baba alishika ukingo wa kigoda mpaka viungo vya vidole vikawa vyeupe, na neno lake lilikuwa moja tu: "Taratibu, mama." Mimi sikwenda taratibu. Nilitaka kumaliza. Nilikuwa na kinyaa, na nikijionea haya kwa kinyaa changu nilizidi kukwangua kwa nguvu, kana kwamba chini ya magamba yale ningemkuta baba niliyemzoea. Magamba yalibanduka na nywele zake, zimeshikana. Nilizitupa motoni kabla hajageuka.

Kule sokoni, mwanamke mmoja aliinua shali yetu, akaona vipande vyeupe juu yake, akairudisha kwa ncha za vidole viwili. "Huyu mzee ana ukoma?" akamuuliza mwenzake, hata hakupunguza sauti. Baba aliikunja shali ile vizuri, pembe kwa pembe. Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani, nikaenda kuuza peke yangu.

Basi ikaja harusi ya binti wa Shangazi Delfina. Baba hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyemsihi. Nilimsuka vizuri kadiri nilivyoweza, nikazipitisha nywele zilizobaki juu ya kipara, akavaa kofia mpya.

Nilipewa kazi ya kugawa chicha, pombe ya mahindi. Kwetu kibuyu huwa kimoja. Unamjazia mtu, anakunywa mpaka tone la mwisho, anakurudishia, unamjazia anayefuata. Nilikuwa nimeshawahudumia nusu ya watu uani shangazi aliponivuta kwenye mlango wa jikoni, akanitia mkononi kikombe cha plastiki, chekundu.

"Ukifika kwa baba yako, mpe kwa hiki. Watu wamelalamika."

"Shangazi, ni kaka yako yule."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Ikitoka kwako haitamuuma."

Ningeweza kukitupa. Ningeweza kunywa mimi kwanza, kwenye kibuyu, kisha nikampa. Haya nimeyafikiria baadaye, kwa miaka. Siku ile nilirudi uani na kibuyu mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Baba alikuwa ameketi kati ya wanaume wawili aliofuma nao tangu utoto, anacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu Februari. Mikono yake alikuwa ameshainyoosha kupokea kibuyu. Nikamwekea kikombe kilichojaa.

Alikitazama kile kikombe. Mimi hakunitazama. Wale wanaume wawili wakageukia upande wa pili. Baba akanywa yote, kama ada inavyotaka, akapangusa midomo.

"Asante, mama," akasema. Kisha akakiingiza kikombe ndani ya poncho yake, asije mtu akapata tabu ya kukiosha.

Kesho yake asubuhi ndipo aliponiletea mkasi.

"Kata."

"Sikati, baba."

"Babu yako alikatwa msuko na msimamizi wa shamba la bwana, kwa kuchelewa kazini siku moja. Alikuwa mzee na bado akisimulia analia. Mimi afadhali nikatwe na mwanangu."

"Lakini hakuna aliyekulazimisha."

Hapo akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Hakuna," akakubali, akageuka, akanipa mgongo.

Nilimpeleka mjini Ibarra mwezi wa Agosti, kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimulika kichwa cha baba kwa taa, akakishika kwa mikono mitupu. Sikuwa nimemwona mtu akikishika hivyo.

"Hii ni soriasisi," akasema. "Haiambukizi. Mnaweza kula sahani moja, mkalalia mto mmoja." Alitueleza kwamba mwili wa baba ulikuwa unatengeneza ngozi kwa pupa, na kwamba huzuni huweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Nywele, akasema, kwa kawaida haziuliwi na ugonjwa wenyewe. Zinang'olewa na kucha, na kwa kubandua magamba kwa nguvu. Kichwa kikiachwa kipumue, zitaota. "Nani alikuwa anayabandua?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Mimi mwenyewe, daktari. Nilikosa subira."

"Na msuko je? Haikuwa lazima kuukata. Dawa ingepakwa hivyo hivyo."

"Nilisikia joto," baba akasema.

Tukarudi kwa basi. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kulitaja lile la kikombe, na kila nilipolipata neno la kwanza, la pili lilinipotea. Baba alifumba macho. Sijui kama alilala.

Dawa alijipaka mwenyewe: mafuta ya kulainisha magamba, marhamu, na sabuni yenye harufu ya lami iliyojaa nyumba nzima. Juu ya sikio la kushoto zikaota nywele laini kama za kifaranga, halafu nyeusi, halafu na mvi. Ugonjwa ulikuwa ukija na kuondoka, lakini kipara hakikurudi. Shangazi Delfina alikuja siku moja na chungu cha supu, macho chini. Baba akamkaribisha, wakala sahani moja, wakaongea habari za mvua.

Ilipita miaka minne. Nilikuwa nimeolewa, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Jumamosi moja nilipita mapema kumjulia hali, nikamkuta uani, viwiko juu, mikono nyuma ya kichwa, anajisuka. Nywele zilikuwa zimefika katikati ya mgongo. Msuko ulikwenda upande, mafundo hayalingani. Nikafuta mikono kwenye sketi, nikamsogelea.

"Niachie nikusuke, baba."

"Nimeshazoea, mama," akasema, kwa upole kabisa. "Hebu kaniangalizie mahindi huko jikoni, yasije yakaungua."

Nikaingia jikoni. Moto ulikuwa haujawashwa. Nikasimama pale kitambo, mbele ya mafiga baridi, kama mtu anayeangalia mahindi, mpaka nilipousikia mtambo wake ukianza kulia.