Wimbo wa Mchezaji Aliyehama

Klabu yetu ya besiboli, Korongo wa Kanazawa, ilimwachia Ubukata Seiji aende Tokyo mwezi wa Novemba, na kwa hesabu ilifanya sawa. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Goti lake la kulia lilikwisha kufanyiwa upasuaji, na msimu uliopita mipira mingi ilidondoka nyuma yake, mipira ambayo zamani angeidaka bila kutoka jasho. Vipanga wa Tokyo walimpa mkataba wa miaka minne. Sisi tulimpa miwili. Kama ningekuwa mimi ninayekalia kiti kile ofisini kwa klabu yetu, ningempa miwili vilevile.

Nayasema haya kwanza ili ieleweke kwamba sikuwa na ugomvi na usajili wenyewe. Mimi ni mfamasia, nimezoea kusoma kipimo kabla ya kusikiliza malalamiko. Lakini tangu Ubukata apandishwe kikosi cha kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga tarumbeta kwenye jukwaa la mbali, nyuma ya wadakaji wa nje, na wimbo aliokuwa akiimbiwa kila alipokwenda kupiga, niliutunga mimi.

Kwetu kila mpigaji ana wimbo wake. Ikiwa ni zamu ya timu yetu kupiga, jukwaa zima huimba. Zamu ya wapinzani, tunanyamaza na kuwaachia watu wao. Mchezaji akihama, wimbo wake huzikwa, au hupewa mrithi wake, au mashabiki wa timu mpya huja kuuomba. Desturi inasema anayeamua ni aliyeutunga. Klabu haina neno hapo.

Desemba, zilipoanza ngurumo zile za baridi tunazosema zinawaamsha samaki, klabu ilidai fidia yake. Timu ikimchukua mchezaji wa namna ya Ubukata, timu iliyoachwa ina haki ya kuchukua mtu kwao, mmoja kati ya wale ambao hawakuwekwa kwenye orodha ya wasioguswa. Korongo wakamchagua Nagumo Teppei, kijana wa miaka ishirini na minne, mpigaji wa kawaida, mbio kama swala. Niliupenda uchaguzi huo. Magoti yake yalikuwa mazima.

Jioni ya siku iliyotangazwa habari hiyo, Kitabashi aliniita kwenye duka la chakula la Mama Yoneda, karibu na stesheni. Kitabashi anashona mikeka ya tatami, na ndiye kiongozi wa washangiliaji. Wote tunamwita Kepteni. Tulikaa mbele ya sufuria kubwa la mchuzi, figili na mayai yakichemka taratibu.

"Dada Chizuru, Tokyo wamepiga simu."

"Wanataka nini tena? Mchezaji wameshachukua."

"Wanataka na wimbo."

"Wape na sufuria langu basi," alisema Mama Yoneda, "wamalize shughuli."

"Kiongozi wao anaitwa Iwakiri," Kepteni akaendelea. "Mtu mstaarabu. Kaomba kwa adabu mpaka nikajikuta nainamia simu."

"Mwambie bado nafikiri."

"Unafikiri nini? Wape, au tumpe Nagumo. Watu wanaujua tayari, hakuna haja ya kuwafundisha upya. Wimbo mzuri hauozi."

"Si viatu hivyo, Kepteni, vya kurithishana."

"Basi unamwekea nani?"

Jibu nililijua, nalo lilikuwa la kijinga. Wachezaji wanaoondoka kwa njia ile na umri ule hawarudi; wachache waliowahi kurudi walikaa benchi msimu mmoja, wakapewa maua, wakastaafu. Nalijua hilo kama ninavyojua dozi ya dawa ya presha. Hata hivyo nilikuwa nimeuweka wimbo ule kama mtu anavyomwekea msafiri chakula chini ya kawa.

Mama Yoneda alinitolea kipande cha figili. "Mwanamume akiondoka na begi lake, wewe ukabaki na soksi zake, hayo si mapenzi, mwanangu. Hiyo ni kazi ya kufua."

Kepteni alicheka hadi sake, pombe yetu ya mchele, ikamwagika kwenye mkono wa koti.

Kusema kweli, Ubukata sikuwahi kuzungumza naye. Sikuwahi hata kumwomba saini. Kutoka jukwaa letu hadi pale anaposimama mpigaji ni zaidi ya mita mia na ishirini, na usoni alikuwa doa tu. Nilichokijua ni mwendo wake. Alikuwa akitoka kwenye duara la kusubiri polepole, kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake. Akifika katikati husimama, hufuta rungu lake la kupigia kwa kiganja, huangalia angani, kisha huingia mahali pa kupigia. Nilikaa mechi nyingi nikiupima mwendo huo kabla sijaandika nota hata moja. Wimbo ulikatwa kwa kipimo chake: pumziko la mstari wa tatu ni pale anapofuta rungu, na nota ya mwisho inaisha mguu wake wa kulia unapokanyaga. Hapo jukwaa zima hunyamaza. Kwa misimu kumi na mmoja pumzi yangu ilikuwa ikiisha pale mguu wake uliposhuka, na sidhani yeye alilijua hilo.

Januari nzima nilikwenda chini ya daraja la Mto Sai na tarumbeta, maana nyumbani majirani hawaruhusu. Nilikuwa namtafutia Nagumo wimbo. Kila nilichoanza, kikifika mstari wa tatu kilisimama kumngoja mtu afute rungu. Februari timu ilikwenda kusini, kwenye mazoezi ya jua, na magazeti yakaandika jinsi usajili ulivyokwenda: tumepata mrushaji mrefu kutoka Venezuela, tumepata mbio, tumepunguza umri wa kikosi. Yote yalikuwa kweli. Niliyasoma magazeti hayo mara mbili, nikitafuta kosa.

"Vipi?" aliniandikia Kepteni kwenye simu. Wiki iliyofuata: "Vipi sasa?" Kisha akaamua mwenyewe: kama hadi mechi ya kwanza ya majaribio hakuna wimbo, Nagumo ataimbiwa ule wa akiba, ule wanaoimbiwa wote wasio na wimbo.

Siku hiyo ya Machi kulikuwa bado na theluji iliyokusanywa pembeni mwa uwanja. Klabu ilikuwa imempa Nagumo namba nane, namba ya Ubukata, na kumweka apige wa kwanza, nafasi ya Ubukata. Namba nane alipotokeza kivulini, mpiga ngoma wetu hakuangalia jina. Mikono yake ilipiga mapigo matatu iliyoyazoea. Na midomo yangu ikaifuata ngoma. Jukwaa likainuka, likaimba kwa sauti ya watu waliokaa miezi mitano bila kuimba, mpaka likafika kwenye jina la Ubukata.

"Seiji," waliimba, maelfu, kisha sauti zikaanza kufa, hapa safu moja, pale nyingine. Mimi nilikuwa wa mwisho kunyamaza.

Nagumo alikuwa amekwishafika. Alikuwa ametoka kwenye duara akikimbia na kusimama tayari kabla mstari wetu wa kwanza haujaisha. Aliposikia jina alirudi nyuma hatua moja, akavua kofia ngumu, akainama kuelekea kwetu, akaivaa tena. Mpira wa pili aliupiga chini, na nusura awahi kituo cha kwanza.

"Angalau kakaribishwa," alisema mzee mmoja mbele yetu. "Kwa jina la mwenye nyumba."

Watu wa karibu walicheka bila kutazamana. Kepteni aliniinamia sikioni.

"Dada, umeona?"

"Nimeona. Anakimbia."

"Nini?"

"Anakimbia kwenda kupiga. Wimbo ule hauwezi kuwa wake. Ni mrefu mno."

"Mimi naongelea aibu, wewe unaniletea saa."

Lakini saa ndiyo iliyonisaidia. Wimbo ulioshonwa kwa mwendo wa mtu mmoja haumfai mwingine, na katika Korongo hakuna tena aliyetembea hivyo. Palikuwa na uwanja mmoja tu nchini ambako wimbo huo ungeweza kufanya kazi yake.

Wa Nagumo niliumaliza siku mbili baadaye, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya kabati la dawa. Ni mfupi, hauna pumziko hata moja. Kepteni aliusikiliza kwenye simu akasema, "Huu utawaua wazee kwa kukosa pumzi," yaani ameukubali. Nikamwomba namba ya Iwakiri.

Iwakiri alikuwa na sauti ya mtu wa benki. Alinishukuru mara nyingi kwa kuwaachia wimbo. Nilimpa maelezo ya ufundi tu.

"Mstari wa tatu msiharakishe. Anapofuta rungu, ngojeni."

"Tumeona anafuta. Vijana wetu wanadhani anasali."

"Hasali. Anafuta vumbi."

"Nimeelewa. Na maneno, mama? Mstari wa pili unataja theluji ya Kanazawa. Tungependa ubaki, kama unaruhusu. Unaimbika vizuri."

"Huo hapana. Wekeni kitu cha kwenu."

"Kwetu uwanja una paa."

"Basi imbeni paa."

Alicheka, akidhani natania. Kisha akasema vijana wake wamo humo ndani, wamejifunza wimbo kutoka kwenye kanda za mechi zetu, na wangefurahi niwasikilize na kuwarekebisha. Nilisikia viti vikisogezwa. Tarumbeta tano zilianza pamoja.

Walipiga vizuri, kwa usafi kuliko sisi. Mstari wa tatu walingoja sawasawa, wakaingia sawasawa, na nota ya mwisho ikaisha mahali pake.

"Tumekosea wapi?" aliuliza Iwakiri.

Hawakuwa wamekosea popote. Nikawaambia warudie kutoka mwanzo.