Nilisikia Viti

Kabla hajampiga mtu, mtoto yule alikuwa akishika sikio lake la kushoto. Mfagiaji wa shule ndiye aliyeliona hilo, akiwa na dekio lake kwenye korido, maana nani anamwangalia mtu anayepiga deki? Sikio kwanza, halafu kofi.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa darasa la pili, msichana kibonge ambaye wenzake walimwita Kifaru. Wiki ile alikuwa amekwisha kumsukuma mmoja na kumng'ata mwingine. Mwalimu wao, mama mpole, alikuwa amebandika ukutani sura nne za karatasi: furaha, huzuni, hasira na hofu. Kila asubuhi watoto waligusa sura inayofanana na hali zao. Kifaru aligusa ya hasira, na hakuna aliyeshangaa.

Alhamisi watoto walikuwa wakipanga viti duara, mlango uko wazi. Kifaru akashika sikio, akamzaba jirani yake kofi.

"Njoo hapa, mwanangu," mwalimu akasema. "Kabla hujampiga mwenzio, ulisikia nini?"

"Nilisikia viti."

Darasa likaangua kicheko. "Kifaru anasikia viti. Na meza je, zinasemaje?"

"Nyamazeni. Nakuuliza ya moyoni, mwanangu. Ulisikia nini moyoni?"

"Viti," akarudia Kifaru, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu akashusha pumzi. Mwalimu mkuu alikwisha kutoa neno: kosa moja zaidi, mtoto akae nyumbani wiki mbili. Kosa lenyewe ndilo hilo, na barua ilikuwa iandikwe kabla shangazi yake hajaja kumchukua.

Mfagiaji akaendelea kudeki, lakini lile jibu lilimganda kichwani. Wote walidhani mtoto hakuelewa swali. Na kama alilielewa kuliko wao?

Baada ya masomo Kifaru alibaki peke yake darasani. Mfagiaji akaingia na fagio. Kwake kuzungumza kulikuwa kazi ngumu kuliko kufagia. Watu walimwita Dada Kimya, naye hakuwakatalia. Akaburuza kiti kimoja sakafuni. Krrr. Mkono wa mtoto ukaenda sikioni. Kiti cha pili akakinyanyua, akakipandisha juu ya meza taratibu. Mkono ukatulia mapajani. Akaburuza tena, akanyanyua tena, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Dada, unafanya nini?"

"Nachunguza. Kiti kikilia hivi, panashtuka wapi?"

Kifaru akafikiri, akagusa kifua. "Hapa. Panakimbia."

"Panataka kumkimbilia mtu, au kumkimbia?"

"Kumkimbia. Lakini darasani nitakimbilia wapi?"

"Na nyumbani viti vinalia?"

"Baba akigombana na mama, anasukuma kiti hivyo hivyo, anaondoka. Anakaa siku nyingi."

Mfagiaji hakutoa pole. Alimsogezea kiti. "Kiburuze wewe. Polepole. Mkono mmoja weka hapo panapokimbia."

Krrr. Akarudia. Mara ya nne mtoto akaguna. "Nikiburuza mimi, panatembea tu."

"Na akiburuza mwingine?"

"Nimwambie mwalimu panakimbia?"

"Mwambie. Nyanyua mkono, usinyanyue kofi."

Wakacheka wote wawili. Kifaru akaenda ukutani kuitazama sura ya hofu, yenye macho makubwa na mdomo wazi. "Hii siyo mimi," akasema. "Mimi mdomo nafunga."

Hapo mfagiaji akaegemeza fagio ukutani, akaenda ofisi ya walimu. Mwalimu alikuwa peke yake, kalamu mkononi, barua imefika katikati.

"Dada Kimya, unataka ndoo?"

"Hapana, mwalimu. Yule mtoto hana hasira. Anaogopa."

"Anayeogopa hujificha, dada yangu. Huyu anapiga watu."

Mfagiaji akamweleza habari ya viti, ya kifua na ya baba, maneno yakimtoka moja moja. Mwalimu alisikiliza, lakini kalamu hakuiweka chini.

"Nani amekufundisha mambo haya?"

"Hakuna."

"Basi umejuaje? Mwalimu mkuu ataniuliza. Nikimwambia mfagiaji amesema, unadhani atachana barua?"

Mfagiaji alitazama sakafu aliyoideki mwenyewe asubuhi. Kwao, mpaka leo, waliamini aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya macho, kama alivyowaambia. Mama yake alihangaika hata kumtafutia miwani.

"Nilikuwa nikisimamishwa nisome, nacheka," akasema. "Kila neno nacheka. Wakanipa barua nipeleke nyumbani, kwamba nina dharau. Sikuipeleka, wala sikurudi shule. Haikuwa dharau, mwalimu. Nilikuwa naogopa."