Mugeni Aliwasha Moto Yangu

Mutu akikuomba mukate ya leo, iko na njaa. Akikuomba mukate ya jana, iko na mupango.

Mi Scholastique nimepokea wageni mingi mu nyumba yangu ya Bunia: wa kukimbia vita, wa kungojea ndege, wa kusema wanalala siku mbili kisha wanaondoka na blanketi. Lakini hata moja hakuwahi kuniambia maneno sawa ile ya Suzanne, jua ikiwa bado inaingia:

"Mama, tafadhali, ninaomba mkate wa jana. Ule mgumu."

"Mugumu? Weye meno yako inatafuta kazi?"

Akacheka. "Kesho asubuhi nitakupikia chakula cha kwetu Ufaransa. Wewe utapumzika tu kitandani."

Nitapumzika tu. Nilimuonyesha kipande ya mukate yenye ilikuwa inangojea kuku, akaikamata kwa mikono mbili kama mutu anapokea komunyo.

Suzanne ni Mufaransa ya miaka karibu makumi sita, nywele amekata fupi kama seminariste. Kazi yake ni kuchunguza wanyama wa pori. Alikuwa anangojea gari ya kumufikisha Epulu kwa okapi, na gari ilikuwa inakawia juu barabara haikuwa muzuri. Swahili alijifunza Tanzania, Swahili ya kupigwa pasi. Siku ya kwanza aliniambia "shikamoo bibi", na mi nikafikiri ananiuliza jina ya dawa.

Aliyenitumia yee ni binti yangu Emérance, anayekaa Kisangani na bwana yake. Hapo njo shaka yangu ilianzia. Emérance hatumi kitu ya bure. Mwaka nzima alikuwa ananipigia telefone na wimbo moja: "Mama, umezeeka. Mama, unaishi peke. Siku nitasikia umeanguka, hata mara moja, nakuja kukukamata, lopango, nyumba na kiwanja yake, tunauzisha, unakuja kukaa kwangu." Mu hii lopango mi na bwana yangu tulipanga tofali kwa tofali. Vita ilinikimbiza hapa mara mbili, nikarudia mara mbili. Sasa mutoto yangu njo anataka kunikimbiza mara ya tatu, na yee anatumia upendo, silaha yenye haina commandant.

Na nilikuwa nimeanguka. Majuma tatu mbele ya Suzanne kufika, pale robinet ya kuchota maji, bidon ilinivuta kwa matope, nikaangukia mukono ya kushoto. Hakuna mutu aliona, asanti Bikira Maria. Kutoka siku ile vidole havikamate tena hata kijiko. Nilifunga mukono ndani ya kikwembe, kipande ya kitenge, na mutu akiniuliza, nasema ni baridi. Baridi, hapa Bunia, mwezi ya jua kali! Watu waliamini juu wazee wanaruhusiwa baridi wakati wote.

Basi, utaelewa namna nilimuangalia huyu Suzanne. Siku ya kwanza akahesabu ngazi za mulango: "Moja, mbili, tatu, nne. Ni ndefu, mama." Siku ya pili akapiga foto fasi ninaogea. Nani anapiga foto fasi ya kuogea kama hakuna mutu ndani? Mangaribi nikamusikia nyuma ya nyumba anaongea Kifaransa kwa telefone, sauti chini. Kifaransa yangu iliishia mwaka ya tano ya primaire, lakini "votre mère", ni kusema mama yako, naijua, hata ukiisema ndani ya kisima.

Mushipiyoni, mupelelezi ya Emérance. Sasa mushipiyoni anataka kupika, mi nibakie kitandani. Nikajiambia: vizuri, nitabakia. Nitafunga macho na kufungua masikio, tuone atafanya nini akifikiri nimelala.

Asubui, saa kumi na mbili na nusu, nikasikia mbabula yangu, jiko ya makala, inavutwa inje, makala inamwangika. Alikuwa anawasha moto yangu.

Lazima nieleze. Mu avenue yetu mugeni anaweza kuchota maji, kuchambua majani ya sombe, hata kufagia. Kuwasha moto, hapana. Moto ya mama anawasha mama mwenyewe, ao binti, ao mukamwana yake. Ukiona mukono ya kigeni kwa mbabula ya mama fulani, na mama mwenyewe haonekani, ujue kuko matanga. Wenye kufiwa hawapike, wengine njo wanawapikia. Kila mutoto anajua vile. Suzanne aliyejifunza Tanzania, nani angemuambia? Mi ningeweza. Lakini nilikuwa na kazi ya kulala.

Moshi ikaanza kuingia kwa dirisha. Makala ilikuwa na umande, na yee alikuwa anaipulizia sawa mutu anazima mushumaa. Nikamuona kwa tundu ya pazia: macho mekundu, machozi inashuka mpaka kwa kidevu, anajipanguza na mukono ya sweta yake nyeusi.

Voisine yangu Joséphine akainua kichwa juu ya uzio ya miti inayotutenga. Joséphine haamke asubui bila kuangalia kwanza kwangu kuko nini.

"Jambo, madame. Mama Scholastique iko wapi?"

Suzanne hakutaka niamshwe. Akaweka kidole kwa mudomo. Kisha akaonyesha dirisha yangu, akapanguza machozi.

Joséphine akapiga yowe.

Nimesikia yowe mingi mu maisha yangu, na ile ilikuwa ya daraja ya kwanza. "Yooo! Mama Scholastique weee! Umetuacha bila kuaga!" Kuku zikaruka. Suzanne akaangusha yai. Mbele hata nipate kandambili zangu, lango ilifunguka: wamama wawili na mikeka, mumoja na fagoti ya kuni kwa kichwa, kisha muzee Félicien, katekista yetu, anafunga vifungo vya shati na kuanza sala kwa wakati moja.

Ningetoka palepale. Lakini Joséphine alikuwa ameanza kunisifu, na mutu hapate sifa zake kila siku.

"Alikuwa na roho muzuri!" Joséphine analia. "Alinipa chumvi! Alinipa makala! Alilea watoto wangu!"

"Kweli," wamama wakaitikia.

"Ulimi yake tu njo ilikuwa muchungu!"

"Kweli kabisa!" Hapo waliitikia na nguvu zaidi.

"Na chekeche yangu ya kuchuja unga, nani sasa atanionyesha fasi aliiweka?"

Nikafungua mulango. "Iko nyuma ya pipa, Joséphine. Na kwa ulimi, tutaongea."

Mama wa kuni alitupa fagoti na kukimbia mpaka barabarani. Muzee Félicien hakukimbia, magoti haimuruhusu. Alifunga macho na kuongeza sala. Joséphine alinigusa uso, shingo, akanifinya shavu, kisha akakasirika: "Sasa unatufanyia nini, mama? Nimelia na tumbo ya njaa!"

Tulicheka sana. Suzanne peke hakucheka. Alisimama na kanya ya kugeuzia mukate mu mukono, anauliza amefanya kosa gani, na mukate inaungua nyuma yake.

Kisha telefone yangu ikalia, na kicheko yangu ikakauka. Mu avenue yetu habari ya kifo haingojei mulango kufunguliwa. Mutu alikuwa ameisha kumupigia Emérance.

"Nani iko kwa telefone?" sauti ya mutoto yangu inatetemeka. "Nani?"

"Maiti," nikamuambia.

Alilia, akamushukuru Mungu, na kisha, dakika haikuisha, akakasirika. Njo kawaida yake, alitoa kwangu.

"Mama, juu ya nini mugeni anapika kwako? Uko mugonjwa! Hauwezi tena kupika, njo maana! Leo natafuta gari ya Niania, ya kuja huko Bunia. Ujifunge vitu vyako, mama. Nakuja." Réseau ikakatika.

Nikaweka telefone kwa meza. Wamama walikuwa wanatandika mikeka hata hivi, juu mukeka ukiisha kuibeba ni heri kuikalia. Nikamugeukia Suzanne.

"Sasa weye. Emérance alikutuma kunichunguza?"

Hakuzunguka. "Ndiyo, mama. Aliniomba nitazame unaishi vipi, halafu nimweleze. Sikupenda, lakini nilikubali. Amenisaidia sana Kisangani."

"Umeisha kumueleza?"

"Ngazi. Mahali pa kuogea, panateleza." Akaangalia kikwembe yangu. "Mkono, bado."

Nikarudisha kikwembe nyuma ya mugongo. "Mukono gani?"

"Huo. Siku tatu nakuona unafungua kopo kwa meno. Jana umebeba sufuria ya chai na mkono mmoja, chai ikakumwagikia mguuni, ukasema unaosha muguu." Alisema "muguu" sawa vile mi nasema, na ile ilinichoma kuliko chai. "Ndiyo sababu nilitaka kupika. Asubuhi moja usibebe kitu. Bila kukuambia kwamba nimeona."

Mbona mutu mwenye kusema vizuri vile asiogopeshe? Nikavuta sahani. Ndani kulikuwa vipande vya mukate ya jana, alivinywesha maziwa na mayai, akavikaanga na manteka, akamwangia sukari juu. Upande moja njano ya kupendeza. Upande ya pili, makala. Pembeni, konfitiri, jamu ya maracuja, alipika yee mwenyewe, na kawa ndani ya bakuli ya supu.

"Kwanza weye," nikamuambia.

"Asubuhi mimi hunywa kahawa tu."

Wamama wote wakamugeukia. Huku kwetu mwenye kupika njo anaonja mbele, wageni wakiwa wanaona. Mutu anayekupikia na yee hakule, watu wanafikiria sumu, hata katekista haimutetee.

"Kula, madame," Joséphine akamunong'oneza, "ao tutalia mara ya pili."

Suzanne akakata kipande kubwa, upande ya kuungua na yote, akatafuna, akameza. Tukamungojea. Akaniangalia: "Ni mbaya," akasema.

Pale njo nilianza kumuamini, lakini kidogo, kama sukari ya mutu wa diabete. Nikaenda kwa mbabula. Makala ilikuwa mekundu kupita kiasi. Nikachota majivu na mukono yangu muzima, nikainyunyizia juu mpaka moto ikatulia. "Moto ya makala unaifunika, hauibembelezi," nikamuambia. Kipande ya pili ikatoka njano pande zote. Nikala. Nisiseme uongo: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu sana hata nikauliza ni nini ingine ameweka ndani.

"Ganda la limau," akajibu.

Joséphine alikuwa ameisha kukamata ya tatu, anachovya mu bakuli ya kawa kama amezaliwa Paris.

Telefone ikalia tena. Emérance. Nikamusukumia Suzanne.

"Umuambie mama iko nguvu. Umuambie niko nabeba bidon mbili."

"Siwezi kusema uongo, mama."

"Basi unaniuza."

"Hapana. Sitasema kabla yako." Akanirudishia telefone, ikilia. "Sema wewe."

Angalia akili ya huyu mwanamuke! Alinikamata kama panya, na mulango ya mutego aliacha wazi. Wamama wote walikuwa wananiangalia. Nikafungua kikwembe. Joséphine akaona vidole vyangu vimevimba, na mara ya kwanza mu miaka kumi na tano hakusema kitu.

"Emérance," nikasema, "nilianguka. Kunapita majuma tatu. Mukono ya kushoto. Nilikuficha."

Akajibu: "Ulinificha, mama."

"Nilikuficha juu unataka kunitoa kwangu. Sasa usikilize mbele ya kulia. Leo asubui mugeni aliwasha moto yangu, watu wakafikiri nimekufa. Unajua ilikamata wakati gani mpaka nyumba ikajaa? Mukate haikugeuzwa upande ya pili! Mikeka ilikuwa imefika, kuni imefika, katekista amefika na shati wazi. Kule kwenu Kisangani, mu ile nyumba yenu ya gorofa, asubui unaenda kazi, bwana yako kazi. Nikiangukia kule, nani atajua mbele ya mangaribi?"

"Mama..."

"Nani, Emérance? Nitajie jina moja."

Alianza kutaja, nikasikia anaacha. Joséphine akaninyanganya telefone, konfitiri mpaka kwa sikio. "Mi Joséphine! Kutoka leo maji namuchotea mi, na asubui nachungulia kwake!"

"Unachungulia tangu zamani," nikasema.

"Sasa nachungulia na ruhusa!"

Emérance akacheka, ile kicheko yenye kulia ndani, nikajua gari ya Niania itaondoka bila yee. Lakini damu yangu njo iko ndani yake. Haachilie kitu bila bei.

"Mama, unaenda hospitali leo. Si kesho. Suzanne anatembea na weye, na docteur atanipigia yee mwenyewe. Akisema mukono haitapona, tunaongea upya."

"Na lopango?"

"Lopango ibakie."

"Useme na nguvu, kuko mashahidi."

"Lopango ibakie, mama!"

Muzee Félicien akajibu "Amina," akanyoosha mukono kwa kipande ya mwisho. Mi nikaingia ndani kubadilisha nguo. Suzanne alikuja kunifungia kifungo cha nyuma, kile mukono moja haifikie, na nikamuacha. Lakini nilimuomba kwanza aweke telefone yake kwa kitanda, fasi ninaiona.