Picha Iliyosahaulika Edani

Niliota usiku wa kuamkia leo nimekaa sebuleni kwangu nachambua mchele, na picha ya binti yangu Radhia inabisha hodi ukutani.

Picha hiyo aliichora mwaka jana: ngome nyeusi, mwezi mwekundu, kunguru mkubwa kama mbuzi, na mwanamume langoni ameshika taa iliyozimika. Mwanamume huyo ni marehemu baba yake, aliyekalishwa kigodani achorwe huku akilalamikia mgongo. Alipofariki, wanawake walifunika vioo kwa kanga kama ilivyo ada, wakaifunika na picha. Eda ilipokwisha nilifunua vioo. Picha sikuigusa.

Kunguru anatoka chini ya kanga, anajipangusa miguu kwenye mkeka, anatoa salamu. Naitikia.

"Bibi, vioo vimeshatoka eda, sisi bado," anasema. "Mwezi umeota kuvu."

Namwambia sikujua kwamba picha nayo hukaa eda.

"Basi tuisome picha. Rangi nyeusi ni nini?"

"Huzuni," nasema, maana ndivyo Radhia alivyonieleza.

Nikishasema tu, weusi unaanza kumwagika kutoka kwenye fremu, mzito kama uji, hadi unanifika vifundoni. Mlango wa jikoni haupo tena. Pale pana lango la ngome, na mbele yake Radhia amelala sakafuni. Weusi umemfika sikioni. Namwita, haamki.

Mume wangu amesimama langoni. Upande wa uso uliolaliwa na kanga umeanza kufutika.

"Anakuja au anakwenda?" kunguru anauliza. "Mchoraji hakusema. Utakavyosoma wewe ndivyo itakavyokuwa. Akija, anakuja na weusi wote huu."

Mume wangu ananiuliza kama chai ipo. Nusura niseme ipo.

Weusi unagusa midomo ya Radhia.

"Anakwenda zake," nasema. "Taa ile ni ya njiani."

"Haya, Mama Radhia," anajibu, kama mtu anayetoka kwenda msikitini. Ananipa kisogo. Taa inawaka.

Niliamshwa na adhana ya alfajiri. Nilipotia udhu, maji ya miguuni yalitoka meusi. Nikaswali, nikamwombea, kisha nikaenda kuivua picha kanga.

Radhia alikuja akasimama nyuma yangu, akakitazama kile kisogo langoni.

"Mama," akasema taratibu, "mimi baba nilimchora akitutazama."