Jina la Baba Khem

Siku Jasodha Siwakoti alipoangushwa kwenye usaili wa uraia, hakuangushwa na swali la rais wa kwanza wala la idadi ya majaji. Hayo aliyajua vizuri kama anavyojua kusuka nywele zake. Aliangushwa na swali ambalo hata mtoto hulijibu. Afisa alimuuliza, "Marehemu mumeo aliitwa nani?"

"Baba Khem," akasema.

"Nataka jina lake."

"Baba yake Khem."

Afisa akauliza tena, polepole na kwa sauti kubwa, kama anayemsemesha kiziwi. Jasodha akainamisha kichwa, akavuta shali usoni. Afisa akaona bibi huyu Kiingereza hakijamwingia. Akampa tarehe nyingine, ya mwisho.

Pale North Hill, mtaa wa mji wa Akron, Marekani, uliojaa Wanepali waliofukuzwa Bhutan, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke aliyelelewa akaleleka hatamki jina la mumewe, maana kulitamka ni kumpunguzia siku za kuishi. Ila wake za vijana walisema waziwazi: mzee alishafia kwenye kambi ya wakimbizi ya Beldangi, ana siku gani tena za kupunguzwa? Watu hawakosi la kusema. Yaliyokuwa moyoni mwa Jasodha hawakuyajua, na yeye hakuwa mtu wa kutoa ya moyoni yakaanikwe mtaani.

Uraia aliutaka kwa sababu moja tu. Mumewe alichomwa kando ya Mto Mai, kule Nepali, majivu yakaenda na maji, na haukupita muda ndege ikawaleta wao huku kwenye theluji. Jasodha alitaka pasipoti ili arudi akakae pale ukingoni, atie maua majini, amwambie mumewe kwamba watoto wamefika salama. Nchi aliyozaliwa ilimwambia yeye si mtu wake. Nchi ya kambini ilimpa kibanda cha mianzi, haikumpa jina. Hii ya tatu ikimkatalia, Mto Mai ataendelea kuuona usingizini.

Basi akarudi kwenye darasa la uraia la Mwalimu Rosalind. Huyu alikuwa mwigizaji wa jukwaani kabla magoti hayajamgomea, na aliamini kwamba mzee asiyeweza kuisoma katiba anaweza kuicheza. Darasa lilikuwa chumba cha chini cha kanisa. Pale mihimili mitatu ya serikali ilifungwa pamoja kwa shali moja refu la kiunoni: mzee Kharka Rai akiwa Rais, bibi mmoja mnene akiwa Bunge, Jasodha akiwa Mahakama. Mmoja akitaka kukimbia na nchi, wenzake wanamvuta. Kharka alikuwa akianguka makusudi ili watu wacheke, na kofia yake ya Kinepali, yenye maua mekundu na meusi, hakuivua hata siku moja.

"Rais wa Marekani havai kofia kama hiyo," Mwalimu akamwambia.

"Hajaniomba tu," akajibu Kharka. "Ningempa."

Kufunga msimu, walitayarisha mchezo wa zamani zile wanawake wa Marekani walipokuwa hawapigi kura. Jasodha angekuwa mwanamke anayekwenda kituoni kuidai, Kharka karani wa kumzuia. Karani anauliza, "Wewe ni mke wa nani?" naye anataja jina la mumewe. Mwalimu alipomsomea sehemu yake, Jasodha akalisikia jina lililoandikwa pale: Dilliram, jina lenyewe la Baba Khem. Shingo ikamgeukia Kharka yenyewe. Nani mwingine angelitoa?

"Umeniuza, shemeji."

"Nimekuuza bei nzuri. Ukilisema hapa, kule halitakushinda." Kharka na marehemu walikuwa marafiki tangu enzi za mashamba ya machungwa kule Bhutan, na utani wake haukuwa na mpaka. "Dilliram. Dilliram. Umeona? Mdomo haujaungua."

"Wewe hakukuoa."

"Nashukuru sana. Mtu alikuwa anakoroma vile."

Jasodha akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na miaka yote hiyo hakuna aliyemkumbusha. Kibanda kizima kilikuwa kikitikisika. Usiku alikuwa akimsukuma bega, akinung'unika. Sasa angetoa bangili zake zote akoseshwe usingizi tena na yule mtu.

Siku ya mchezo chumba kilijaa familia, chai ya maziwa na mikate ya mviringo ya kukaanga. Jasodha akapanda jukwaani na kofia pana juu ya shali. Kharka akakunja uso, akagonga meza.

"Wewe ni mke wa nani?"

Mwalimu alikuwa akimpa neno kwa midomo. Jasodha alifungua kinywa, ulimi ukamgomea. Ndipo hasira ikampanda, hasira ya kweli, na Kiingereza chake kikatoka chote kwa pamoja.

"Kwa nini unauliza jina lake? Mimi ndiye nimesimama hapa. Niulize langu."

Watu wakapiga makofi mpaka vikombe vikalia mezani. Kharka alisahau maneno yake, akampa kura bila kubishana. Wote walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Jasodha peke yake alishuka jukwaani akiwa mnyonge, maana afisa hatakuwa Kharka. Jina lake yeye mwenyewe afisa analo tayari.

Walipokuwa wakipanga viti, Mwalimu akamkalisha, akamuuliza kinachomzuia ni nini hasa. Jasodha akajibu kwa Kinepali, Kharka akitafsiri.

"Simpikii tena. Simfulii. Jioni simngojei mlangoni. Kutolitamka jina lake ndiyo kazi ya mke iliyonibakia, na nimeifanya bila kukosa. Nikiiacha na hiyo, nitakuwa nimebaki na nini chake?"

Kharka alitafsiri mpaka katikati, akakatiza. Akavua kofia yake, akaishika mkononi, ndipo akamalizia.

"Jukwaani," Mwalimu akasema, "tulifundishwa kwamba neno halitupwi hewani. Unampa mtu. Usimpe afisa jina la mumeo, Jasodha. Si lake yeye. Mwite mumeo mwenyewe."

Siku ya usaili Khem, mwanawe, alimpeleka kwa gari, akabaki nje. Afisa alikuwa mwingine, kijana mwenye mafua. Akapitia faili, akapangusa pua, akafika palepale.

"Marehemu mumeo aliitwa nani?"

Jasodha alishika kingo za kiti. Hakumtazama afisa. Alitazama juu ya bega lake, ukutani, mahali pasipo na kitu, akauweka pale ukingo wa Mto Mai, na mtu amempa mgongo, anaosha miguu. Akaita.

"Dilliram."

Haikuwa sauti ya kujibu swali. Ilikuwa ile sauti ya kumwita mtu chakula kikiwa tayari, na hakujua kwamba bado anayo. Mara akageuka kutazama mlango.

"Kuna mtu unamsubiri?" afisa akauliza.

"Hapana."

Afisa akaandika. Kisha akamuuliza ni nini kinachozuia mhimili mmoja wa serikali usiwe na nguvu kupita mingine, na Jasodha akalikumbuka lile shali, akaeleza vizuri mpaka kijana akatabasamu.

Nje Khem alikuwa akitembea huku na huku kwenye theluji chafu. Alimwona mama yake, akamkimbilia.

"Vipi, Mama? Umepita?"

"Nimepita."

Khem akamkumbatia, akacheka, akamfungulia mlango wa gari, akamfunga mkanda kama mtoto. Walikuwa wameshaingia barabara kubwa ndipo Jasodha aliposema tena.

"Nimemwita baba yako."

Khem akamtazama mara moja, akarudisha macho barabarani. "Kwa jina?"

"Kwa jina."

Wakapita taa za barabarani, wakapita daraja.

"Hakuitika," akasema Jasodha.