Jina la Mavyaa

Nyevu alimzaa binti yake wa kwanza, akamnyonyesha, akamlea mpaka akawa mwanamke mrefu kumpita yeye, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, mapenzi ya kumtoa mtu kitandani aende akahakikishe kama mtoto bado anapumua. Lakini mtoto alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, akawa somo yake, kama ilivyo desturi ya ukoo wao, na mkaza mwana hataji jina la mavyaa wake. Hataji kwa hasira wala kwa furaha. Hataji hata ndotoni, na akiota amelitaja, ni heri asimsimulie mtu. Basi Nyevu akawa anamwita Mayo, yaani mama kwa Kiduruma chao, mtoto akawa anaitika, na maisha yakaendelea.

Mavyaa mwenyewe yu hai, yuko nyumba hiyohiyo kijijini Bongwe, katika chumba cha pili, na masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Jamaa hii ilipohama kutoka nyika ya Kinango kuja kutafuta riziki karibu na Ukunda, iliacha mengi nyuma: zizi, ngoma za mavuno, na mbuzi kadhaa mikononi mwa shemeji asiyeaminika. Hilo la jina hawakuliacha. Mkaza mwana akiteleza ulimi hutozwa mbuzi, na bibi huyu alijulikana kwa kupenda mbuzi. Mimi ningeweza kulitaja jina lenyewe sasa hivi, maana sikuolewa mji ule, lakini hadithi ni ya Nyevu. Tumwachie mwenyewe.

Binti alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani pamoja na rafiki yake Akinyi, mtu wa bara mwenye maneno mengi na roho safi. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, wakala mmoja mwenye kiofisi Kona ya Musa akamwahidi kazi ya nyumbani Uarabuni. Mama alilia. Baba yake, Kitsao, alimfungia sanduku. Nyanya alimpulizia maji kifuani kumbariki, na binti akapanda ndege. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, akicheka, akieleza habari za majumba yenye baridi ndani na moto nje. Baadaye akawa anaongea kwa kunong'ona. Kisha simu yake ikazima, na ikawa ndiyo basi.

Kitsao alikwenda Kona ya Musa, akakuta kile kiofisi kimegeuka duka la mapazia, na mwenye mapazia hajui lolote wala hataki kujua. Aliyewafaa ni Akinyi. Simuni mwake alikuwa na picha ya ukurasa wa pasipoti ya binti, waliyoipiga kwa furaha siku ilipotoka. Kwa namba ya pasipoti ile ofisi za serikali zikaanza kuulizana, na majibu yakaja kidogo kidogo. Pasipoti ilikaguliwa Nairobi, ikatoka. Ikakaguliwa kule, ikaingia. Baada ya hapo haikupita mlango wowote.

Nyevu aliposomewa habari hizo alishika shavu. Watu wote walivyojaa duniani, na bado kulikuwa na macho yaliyomwona mwanawe akipita mlango huu na mlango ule, yakamkumbuka. Yeye ambaye hakuwahi kuvuka kivuko cha Likoni zaidi ya mara chache akaomba asomewe tena.

"Kwa hivyo yuko kulekule," akasema.

"Ako kule, mamangu," Akinyi akajibu. "Angalau tunajua ni nchi gani."

"Iliyo kule ni pasipoti," mavyaa akasema kutoka chumbani kwake. "Mtu ni kitu chengine."

Na alisema kweli. Tajiri wa binti alikuwa ameshaipeleka pasipoti polisi na kusema kijakazi wake ametoroka. Na katika hospitali moja ya mji aliokaa tajiri huyo alikuwa amelazwa mwanamke Mwafrika aliyeokotwa kando ya barabara akiwaka homa, hana karatasi, na tangu aletwe hajafungua kinywa. Watu wa ubalozi walimlinganisha na picha ya pasipoti. Wengine wakasema ndiye, wengine wakasema siye, maana picha ilikuwa ya msichana mwenye mashavu na nywele zilizosukwa, na huyu wa kitandani amekonda na kunyolewa kichwa. Wauguzi walimwita kwa jina la pasipoti asubuhi na jioni. Hakugeuka. Na mtu asiyejulikana ni nani hapewi hati ya kumrudisha kwao. Atalala pale mpaka apone au afe, akifa azikwe bila jina.

Ndipo wazazi wakaitwa kwenye ofisi moja ya serikali mjini Kwale, waonyeshwe mgonjwa kwa simu ya video na waseme kama wanamjua. Walikwenda watatu. Mavyaa alikataa kuachwa nyumbani, akavaa leso yake mpya na kukaa kiti cha mbele garini bila kumuuliza mtu.

Afisa aliyewapokea aliitwa Hesbon, mtu wa bara, mpole, mwenye macho ya mtu aliyechoka kusikia vilio. Alikuwa ameshaumwa na nyoka katika kazi hiyohiyo. Wakati mmoja mwanamke alikuja mbele yake akalia machozi ya kweli juu ya msichana asiye wake, akaaminiwa, na msichana akaangukia tena mikononi mwa mawakala waliomuuza. Tangu siku hiyo Hesbon humhoji kila mzazi peke yake. Akamwomba Kitsao akae nje ukumbini na mama yake, akamwingiza Nyevu ndani, mlango ukabaki wazi kidogo kwa ajili ya upepo.

Kwenye kompyuta kulikuwa na uso wa msichana wa ubalozini aitwaye Gillian. Alisalimu, "Shikamoo, mama," kisha akaigeuza simu yake upande wa pili. Kikaonekana kitanda.

Nyevu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kitanda kile kilikuwa ng'ambo ya bahari na jangwa, na hapohapo kilikuwa mbele ya pua yake, hata mikunjo ya shuka aliiona. Aliogopa kupumua asije akakipeperusha. Uso wa mgonjwa ulikuwa umeelekea ukutani na hakuutambua. Alichotambua ni mguu. Mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya shuka mpaka kwenye goti, kama ulivyotoka tangu utotoni, usiku wa joto na usiku wa mvua.

"Ndiye," akasema, na sauti yake ikamponyoka.

"Pole sana, mama," Hesbon akasema. "Lakini kila anayekuja hapa husema ndiye. Kwanza nitajie majina yake matatu, narekodi."

Sasa tazama mtego wenyewe. Jina la kwanza ni la mavyaa. Jina la pili ni Kitsao, na mume naye haitwi hivyo na mkewe; huitwa baba wa watoto, au hukoholewa. Jina la tatu ni Tsofa, la bavyaa wake, babake Kitsao, marehemu, ambaye jina lake lilikuwa zito alipokuwa hai na lilizidi uzito alipokufa. Serikali, bila kukusudia, ilikuwa imemtengenezea binti jina ambalo mama yake hawezi kutaja hata kipande.

Nyevu akaanza kukunja ncha ya leso yake.

"Mama, si ni mtoto wako?"

"Ni wangu. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Akilala sharti mguu utoke nje. Mchicha hali hata umbembeleze."

"Hayo mtu anaweza kufundishwa. Mimi nataka jina."

"Muulize babake, mwanangu."

"Babake nitamuuliza. Sasa nakuuliza wewe."

Nyevu alitazama sakafu. "Halinijii mdomoni," akasema.

Hesbon akaweka kalamu chini. Nyevu aliuona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mtu aliyemkamata mwizi, na akaelewa kwa hofu kuu anachodhaniwa kuwa. Simlaumu Hesbon. Alikotoka yeye, akina mama huita majina ya watoto wao kutoka kilima hadi kilima mpaka majirani wakachoka. Mama asiyejua jina la mwanawe angekuwa nani kama si mtu aliyetumwa?

"Gillian, asante," Hesbon akasema kwa huzuni. "Tukomee hapo." Na mkono wake ukaenda kukata simu.

Nyevu hakupata nafasi ya kufikiri. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia kioo, akafanya alichokuwa akifanya kila alfajiri katika siku zote za shule za binti yule. Aliita taratibu, bila kupaza sauti.

"Mayo. Kumekucha."

Kule kitandani, mguu ukarudi ndani ya shuka.

Halafu kichwa kikageuka. Kiligeuka polepole, kikaacha ukuta, na macho makubwa ndani ya uso mdogo yakaanza kuitafuta ile sauti darini, dirishani, mlangoni. Picha ikatikisika Gillian alipoisogeza simu karibu. "Amegeuka," Gillian akasema. "Tangu aletwe hajamgeukia mtu yeyote."

Mkono wa Hesbon ulikuwa bado hewani. Akaurudisha mapajani pake na kuutazama, akiona jambo ambalo ulikuwa karibu kulifanya.

"Umemwita nani?" akauliza.

"Mama," Nyevu akasema, machozi yakimtiririka. "Nimemwita mama. Amepewa jina la mavyaa wangu. Sijalitaja tangu niolewe, na mavyaa yuko hapo nje."

Hesbon akakitazama kile kitanda, akautazama mlango. "Mimi nimekuamini," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini hawa wa kule hawamtoi mtu kwa kuamini. Wanataka jina, kwa sauti yako, kwenye rekodi. Nifunge mlango? Useme polepole, asikie nani?"

Nyevu akafikiri. Mlango ukifungwa, atakuwa ameliiba jina, na mtoto atarudishwa kwao kwa jina la wizi. "Uache wazi," akasema. Akavua viatu, akavisogeza kando, akageuka kuelekea ukumbini.

"Mavyaa," akaita. "Niwie radhi."

Nyevu akaanzia mwisho, kwa yule asiyeweza tena kukasirika.

"Tsofa," akasema, na hakuna kilichotokea.

"Kitsao." Huko nje mwanamume akakohoa.

Kisha akaigeukia kompyuta, akamtazama mwanawe machoni, na kwa mara ya kwanza tangu amzae akamwita.

"Umazi."

"Abee," akaitika mavyaa kutoka ukumbini, kwa sauti kavu na ya wazi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa miaka mingi.

Na kabla sauti hiyo haijazima, kutoka ule mji wa mbali, kwa midomo iliyopasuka, ikaja nyingine, hafifu, ikikwaruza kwa kutotumika.

"Abee."

Gillian akaanza kulia. Nyevu akakaa pale pale sakafuni, na hakuona aibu. Jina moja alilokuwa amelikwepa nusu ya umri wake alikuwa amelitamka mara moja tu, na likaitikiwa pande mbili za dunia.

Mavyaa aliusukuma mlango kwa mkongojo wake, akaingia bila kukaribishwa. Alimtazama mkaza mwana wake pale chini, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Hesbon, ambaye alikuwa amesimama kwa heshima bila kujua amesimama.

"Andika, mwanangu," akasema. "Tumeitika wawili. Na wewe Nyevu, mbuzi wangu simsamehe. Tutamchinja siku atakayofika somo yangu."