Kitako cha Mvule

Huwezi kumpima mtu kitako cha bunduki bila kumshika uso. Yosamu aliweka kiganja chake kwenye shavu la Nuwa, akahisi ndevu zilizonyolewa jana zikimchoma, akahisi meno yakisagana ndani ya taya. Akapima kwa vidole kutoka mfupa wa shavu hadi begani. Kisha akaukunja mkono wa kulia wa yule bwana na kupima kuanzia ndani ya kiwiko mpaka pingili ya kwanza ya kidole cha kufyatulia. Kila kipimo alikifunga fundo kwenye uzi wa katani. Miaka miwili alikuwa hajampa mtu huyu hata ncha ya kidole kwa salamu, na leo alikuwa amemshika uso kama mama anayemfuta mwanawe kamasi.

"Mkono wako baridi, fundi," Nuwa alisema.

"Tulia."

Juu ya meza ya kazi ililala ile bunduki. Ilikuwa ya upepo, ya kuvunjia mtutu katikati na kutia kipande cha risasi kisichozidi punje ya mtama. Mhindi mmoja mwenye duka aliiacha alipofukuzwa nchini, ikapita mikono mingi, ikaanguka, kitako chake kikapasuka. Ilifaa kufukuzia ndege shambani, basi. Hata nyani angeidharau.

"Nataka ifanane na za askari," Nuwa alisema. "Mtu akiiona kwa mbali asijue kuwa ni ya upepo."

"Na ndege?"

"Ndege watajua wenyewe."

Hakucheka. Nuwa alikuwa karani wa chifu hadi mwaka jana, na enzi hizo watu wa Bwera walimpisha njia. Tangu alipoondolewa kazini, jua likianza kushuka, mawe yalinguruma juu ya mabati yake, na akitoka nje hakuti mtu. Ndiyo maana alitaka kupita barabarani na kitu begani. Aliyempendekezea fundi alimwambia kweli: katika vita vya Wajerumani na Wajapani, Yosamu alitumikia stoo ya silaha huko Nairobi, na kazi yake ilikuwa hiyo, kuchongea bunduki vitako vipya mahali pa vile vilivyorudi vimevunjika. Hakuna mtu toka Kasese hadi mpakani aliyeijua kazi ile kumshinda.

Yosamu aliikubali kazi. Mkewe, Ketura, alipoambiwa ni ya nani, aliweka chini ungo wa maharage.

"Fundi wa milango ya kanisa," alisema, "leo unamchongea Nuwa makalio."

"Ni kazi."

"Ndiyo. Hata kuchimba kaburi ni kazi. Sisi tu hatukupata la kuchimba."

Alikuwa akimsema mtoto wao. Miongoni mwa Wakonzo mtoto hatafutiwi jina, hulikuta likimngoja. Wa kiume wa pili ni Bwambale, awe wa tajiri au wa maskini, ndiyo maana siku ya soko ukiita "Bwambale!" pale Bwera, vichwa kumi vitageuka. Wao wa pili alikuwa Bwambale, akabatizwa Eriya. Wanaume waliovaa viatu vya jeshi walimchukua mchana kweupe akiwa anaanika kahawa, wakamwingiza ndani ya gari akiwa bado na punje mkononi. Karani Nuwa ndiye aliyesimama kando ya gari na kunyoosha kidole. Kijiji kizima kiliona. Tangu siku ile hakukuwa na habari, wala mwili, wala kipande cha shati. Watu walisema Nuwa alifanya hivyo kwa ajili ya mpaka wa shamba, maana huko bondeni, mbali na makazi, migomba ya nyumba hizi mbili ilikuwa ikiegemeana. Yosamu naye aliamini hivyo, na kuamini hivyo kulimsaidia. Chuki iliyo na sababu huweza kubebwa.

Alichagua gogo la mvule alilokuwa amelikausha miaka sita chini ya paa la jiko, akaliweka wima na kulitazama kwa siku nzima kabla ya kuligusa. Kisha tezo ikaanza. Vibanzi viliruka na kumnasa nywele. Kutoka kwenye ule mti ulianza kujitokeza mgongo, kisha shingo nyembamba ya kushikia, kisha lile tumbo linalopokea shavu. Zaidi ya miaka ishirini na tano mikono yake ilikuwa haijafanya kazi hii, lakini haikumuuliza kitu. Alishangaa kuona kwamba alikuwa na furaha. Furaha hiyo ikamtia aibu, naye akazidi kupiga tezo.

Juma la pili Nuwa alikuja kujaribisha. Kitako kilikuwa bado kigumugumu, hakijapakwa mafuta. Aliipachika bunduki begani, akalaza shavu juu ya mti, akafumba jicho moja. Yosamu aliinama karibu na sikio lake kuweka alama ya penseli pale ambapo shavu liligota.

"Walikuja na jina moja tu," Nuwa alisema.

Penseli ikasimama.

"Sikukuuliza."

"Najua hukuniuliza. Miaka miwili hujaniuliza." Alikuwa akisema na ule mtutu, hakugeuka. "Wametoka mbali, hawajui desturi zetu. Karatasini imeandikwa Bwambale anayevusha kahawa mpakani. Basi. Bwambale! Nikawaambia, afande, huku Bwambale ni kama kusema mtoto wa pili, wapo thelathini. Afande akaniambia, mimi sitaki thelathini, nataka mmoja, na nikikosa nitaanza na wa nyumbani kwako. Akaniuliza, wewe una Bwambale?"

Nje, kuku alikuwa akipekua vumbi la mbao.

"Ninaye, fundi. Unamjua. Walisoma dawati moja na wako."

Yosamu alimalizia ile alama. Ilikuwa imepinda, ikabidi aifute kwa mate.

"Shusha," alisema. "Shavu limekaa sawa."

Nuwa alipoondoka, fundi aliketi juu ya kigogo na kuyatazama magoti yake. Kumbe haikuwa shamba. Kumbe haikuwa hata chuki. Mtu alikuwa amewekwa mbele ya watoto wawili wenye jina moja, akachagua wake, na Yosamu alijua, kama anavyojua uzito wa nyundo yake, kwamba yeye pia angechagua wake. Ujuzi huo ulipaswa kumlainisha. Badala yake ulikuwa kama mchanga ndani ya chakula. Aliondokewa na ile sababu aliyokuwa akiiegemea, akabaki na maumivu matupu, yasiyo na mpini wa kuyashikia.

Siku hiyo ndipo alipowaza habari ya pete.

Bunduki ya ndege haina pete. Pete ni ya mkanda, na mkanda ni wa mtu anayetembea na silaha safari ndefu, yaani askari. Alimwendea Sosthène, Mkongomani wa Butembo aliyekuwa akiuza misumari na bawaba karibu na daraja la mpakani.

"Pete ya mukanda?" Sosthène alichekea ndani ya koo. "Weye mufundi, unarudia mu jeshi na mvi yote hiyo?"

"Nina kazi ya mtu."

"Basi umuambie huyo mutu atembee polepole. Barrière ya chini, ile kizuizi ya barabara, beko askari wapya, tangu mwezi jana. Hawajui mutu, hawajui karani, hawajui padri. Juzi mzee moja wa Katwe alipita na gobole yake ya kufukuza nyani, ya babu yake, kutu tupu. Walimupandisha mu camion, lori ya jeshi." Akapuliza vumbi juu ya pete na kuiweka kwenye kiganja cha Yosamu. "Hatujamuona tena."

Yosamu alirudi na ile pete mfukoni, ikimgonga paja kila hatua.

Aliitia. Akatia na bamba la chuma kisigino cha kitako, lenye skrubu mbili, jinsi walivyofanya Nairobi. Akasugua mti kwa jani la msasa mpaka ukateleza. Ketura alikuja kumwita kula, akaisimamia kazi kwa muda.

"Bunduki ya ndege huvaa mkanda?"

"Ameagiza ifanane."

"Pete ameiagiza yeye?"

Yosamu aliikaza skrubu ya bamba. Mkewe alimtazama usoni, akaitazama pete, akatoka. Aliporudi alikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo na kibati chenye masizi ya chungu. Akaviweka mezani. Mvule ukinywa mafuta yenye masizi, huwa na rangi ile ile ya bunduki za serikali. Walikipaka wote wawili, kila mmoja na kitambaa chake, bila kutazamana, na kwa mara ya kwanza tangu kahawa ile ianikwe walikuwa wakifanya kitu kimoja kwa pamoja.

Siku ya kuchukuliwa, kilikuwa kimelala mezani kikiwa kimekwisha kupachikwa. Yosamu hakuwahi kuchonga kitu kizuri kuliko hicho. Hata yeye, alipokitazama kutoka mlangoni, alihisi mgongo ukimsisimka.

Aliyebisha hodi hakuwa Nuwa. Alikuwa kijana mrefu, wa miaka ishirini na miwili hivi, mwenye shati lililopigwa pasi.

"Habari za mchana, baba. Nimetumwa bunduki. Mzee anaumwa kiuno."

Sauti yake ilikuwa nzito. Yosamu alikuwa akiikumbuka ya utotoni, nyembamba, ikimwita Eriya nje ya ua waende mtoni.

"Wewe ni Bwambale."

"Ndiyo, baba."

"Utapitia juu, kwenye mashamba ya kahawa."

"Hapana. Mzee amesema nipitie barabara ya chini, niibebe wazi begani. Anataka watu waione." Kijana alikuwa ameisogelea meza. "Mungu wangu! Hii ni kazi ya mikono?"

Akaiinua. Akaitia begani. Alikuwa na mwili wa babake, kwa hiyo kitako kilimkaa kama kilichopimwa juu yake. Shavu liliingia mahali pake, kidole kikafika kilipotakiwa kufika. Akafumba jicho, akaelekeza mtutu mlangoni, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Pete ilining'inia chini ya kiwiko chake na kumeta.

Yosamu aliona barabara ya chini. Aliona gari. Aliona mkono ukiwa bado na punje.

"Lete," alisema.

"Imeshakwisha, baba, au sivyo?"

"Lete nikwambie!"

Aliibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno. Kijana alidhani anatafuta kitu kidogo cha kurekebisha, akainama kutazama, na meno ya msumeno yakazama nyuma tu ya ile shingo nyembamba. Mvule ulilia. Yosamu alikuwa akikata kama mtu anayekimbia.

"Mzee! Una wazimu? Mzee Yosamu!"

Kitako kilianguka miguuni mwao, na pete yake, na bamba lake. Fundi alichukua kipande cha mpini wa jembe kuukuu, akakipigilia kwenye kile kishina kwa misumari minne. Mmoja ulipinda, akauacha hivyo hivyo. Kitu alichokitoa kwenye jiliwa kilikuwa kama bunduki ambazo watoto huchonga kwa mashina ya migomba.

"Haya. Peleka."

Macho ya Bwambale yalijaa machozi ya hasira. "Nipite na hii mbele ya watu? Watanicheka."

"Watakucheka," Yosamu alisema. "Nenda."

Askari wa kizuizini walicheka kweli. Sosthène alikuwepo, akaja kueleza: walimsimamisha, wakaigeuzageuza, mmoja akalenga kopo mara tatu akalikosa, wakampiga kijana teke la matako na kumwambia akamsalimie fundi wake.

Nuwa hakucheka. Kiuno kilipopona alizunguka kila nyumba na kile kituko mkononi. Tazameni, alisema, huyu ndiye fundi mnayemsifu. Nimempa kazi ya heshima, amenirudishia mpini. Mikono imemfia. Au ni roho. Padri akampa mtu mwingine kazi ya viti vya kanisa. Waliofiwa wakawa wanatafuta majeneza Kasese. Yosamu hakujitetea. Angejitetea vipi? Ili aeleze kwa nini alikikata, ingembidi aeleze kwanza kwa nini alikichonga.

Mbali na kijana yule, Ketura peke yake ndiye aliyekiona kitako kile, mchana ule ule, kimelala kwenye vumbi la mbao. Alikiokota, akalipuliza vumbi lake, akapitisha kidole gumba mahali pa shavu.

"Alikuja nani?"

"Bwambale."

Mkono wake ulitulia juu ya mti.

"Kwa hiyo wa kwao atalala nyumbani," alisema.

"Ndiyo."

Ketura alikibeba jikoni. Jioni aliinama mbele ya mafiga, akakisukuma kitako chini ya chungu cha maharage, upande wa pete ukitangulia. Mafuta ya nyonyo yakashika upesi. Mti mzuri huwaka bila moshi. Yosamu aliketi kizingitini, mgongo wake ukipata joto la kazi yake.

Huko barabarani mwanamke fulani alikuwa akimwita mwanawe arudi nyumbani. "Bwambale! We Bwambale!" Sauti moja ikaitika kutoka upande wa mtoni, nyingine kutoka kwenye migomba, nyingine kutoka mbali, kwa kina Nuwa, nzito.

Ketura alikuwa ameshika mwiko juu ya chungu. Hakukoroga. Walingoja, kama walivyokuwa wakingoja kila jioni, mpaka zote zilipokwisha kuitika.